Mshukiwa wa Kwanza Ni Mkono: Kutafuta Hitilafu katika Amplifaya ya Valvu Uliyoiunda Mwenyewe



Nimeombwa nizungumzie kutafuta hitilafu katika vifaa vya elektroniki, nami nimechagua kifaa kimoja tu, tena kidogo: amplifaya ya hedifoni inayotumia valvu, iliyoundwa mezani na mtu mmoja kwa mikono yake, ikawashwa kwa mara ya kwanza, ikakataa kuimba. Nimeichagua kwa sababu sehemu zake ni chache, zinaonekana kwa macho, na hesabu yake yote inaingia katika ukurasa mmoja wa daftari. Ajuaye kuihoji amplifaya hii hatababaishwa na mashine kubwa.

Hoja yangu ni hii. Fundi aliyezoea kutengeneza vifaa vya wateja amejifunza kushuku kipuri, na ana haki. Redio iliyoimba miaka kumi kisha ikanyamaza, mchoro wake hauna lawama na nyaya zake hazikuhama usiku. Kuna kitu kimekufa ndani. Lakini kifaa ambacho hakijafanya kazi hata siku moja hakina ushahidi huo wa kukitetea. Waya unaweza kuwa umekwenda pini isiyo yake, lehemu haikushika, rezista imesomwa vibaya. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni mkono wa aliyeiunda, wa pili ni kipuri, na wa mwisho ni mchoro. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Anayeupindua mpangilio huu huagiza valvu mpya kutoka nje, akaisubiri kwa wiki kadhaa, akaichomeka, na ukimya ukabaki ule ule.

Tunachokihoji

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna kathodi inayopashwa moto na hita mpaka itoe elektroni, anodi yenye volti chanya inayozivuta, na katikati yao gridi, waya mwembamba uliozungushwa, unaoamua elektroni kiasi gani zipite. John Ambrose Fleming alipata hataza ya valvu ya vipande viwili nchini Uingereza mwaka 1904. Lee de Forest wa Marekani akaongeza gridi mwaka 1906, na hapo ukuzaji wa sauti kwa njia ya elektroniki ukapata mlango. Transista ilipotokea katika maabara za Bell mwishoni mwa 1947, valvu ilianza kusukumwa kando, lakini haikuzikwa. Wapiga gitaa wanaitumia hadi leo, na wapenda muziki wanaiunda majumbani.

Mfano wetu una valvu mbili. Ya kwanza ni 12AU7, inayoitwa pia ECC82, yenye pini tisa. Ndani ya kioo kimoja mna valvu mbili kamili: moja ya sikio la kushoto, moja ya kulia. Kazi yake ni kukuza volti. Ya pili ni 6080, ndugu wa 6AS7, ambayo awali ilibuniwa kwa ajili ya kutuliza volti katika mitambo ya umeme. Nayo ina nusu mbili, na kazi yake ni kutoa mkondo wa kuisukuma hedifoni. Jozi hii inafahamika sana miongoni mwa wajenzi. Ndiyo iliyomo katika Crack, amplifaya ya kujiundia inayouzwa na kampuni ya Bottlehead ya Marekani.

Nipeni ruhusa niweke tarakimu, maana bila tarakimu tutabaki kupiga ramli. Transfoma inatoa volti 150 za AC. Zikipita kwenye dayodi na kapasita ya kwanza zinakuwa kama volti 210 za DC. Kisha kuna rezista mbili za omu 270, kila moja ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 220, na njiani volti zinashuka hadi 190, halafu 170. Hiyo 170 ndiyo inayolisha saketi. Anodi ya 12AU7 inapata umeme kupitia rezista ya omu 22,000, na inakaa kwenye volti 80 hivi. Kathodi yake imeegemea taa ndogo ya LED inayoishikilia kwenye volti moja na nusu au mbili. Anodi hiyo imeungwa moja kwa moja na gridi ya 6080. Kathodi ya 6080 inakaa kwenye volti 100, juu ya rezista ya omu 3,000, na kutoka hapo sauti inatoka kupitia kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda kwenye hedifoni.

Usalama ni sehemu ya vipimo

Volti 170 zinaua. Sisemi hivyo kuwatisha wanafunzi. Nasema kwa sababu tahadhari zenyewe ndizo vipimo vya kwanza.

Chesi ya chuma iungwe na ethi ya plagi yenye miguu mitatu. Umeme wa ukutani upite kwenye transfoma yenye nyuzi zilizotengana, kamwe usipelekwe moja kwa moja kwenye saketi. Mkono mmoja uwe mfukoni au nyuma ya mgongo unapopima, ili mkondo usipate njia ya kuvuka kifua. Na ukishazima, subiri. Kapasita zetu tatu kwa jumla ni mikrofaradi 660. Hata zikiwa na rezista ya omu 100,000 ya kuzimwagia umeme, na valvu zimeng'olewa, baada ya dakika moja bado zitakuwa na karibu volti 80. Zinahitaji zaidi ya dakika tano kuisha. Fundi hakai akihesabu kwa kukisia: anaweka mita, anaona sifuri, ndipo anagusa.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaioni, nayo iko upande wa masikio. Kapasita ya kutolea sauti inashika volti 100 upande mmoja, na upande wa pili unapaswa kuwa sifuri. Kinachoufanya uwe sifuri ni rezista ndogo iliyowekwa kati ya tundu la hedifoni na ethi. Lehemu ya rezista hiyo ikiachia, upande wa pili unabaki ukielea, na ukichomeka hedifoni kapasita inajichaji kwa kupitia spika zilizo kichwani mwako. Kwa hiyo kanuni haina mjadala: washa bila hedifoni, subiri dakika mbili valvu zipate moto, pima DC kwenye tundu. Ikiwa ni karibu na sifuri, chomeka hedifoni ya bei nafuu, na uisikilize ikiwa mezani kwanza.

Kwa mwanafunzi anayeanza, nashauri michoro ya volti ndogo. Mhandisi Pete Millett wa Marekani alichapisha mmoja uitwao Starving Student unaotumia volti 48 tu. Mbinu nitakazozitaja zinafaa pale pia.

Soketi tupu inasema mengi

Wengi wakimaliza kulehemu huchomeka valvu zote, wakawasha, wakasubiri muziki. Hapo wameuliza maswali mia kwa pamoja, na jibu lolote watakalopata halitaeleweka. Mimi naanza na soketi tupu.

Ung'oe valvu. Chukua balbu ya zamani ya uzi wa moto, ya wati 60 au 100, uiunge kwa mfuatano na waya wa umeme unaoingia. Ukiwasha, balbu iwake kidogo wakati kapasita zinajaa, kisha ififie kabisa. Ikibaki inang'aa, kuna shoti: dayodi imegeuzwa, kapasita imewekwa kinyume, au waya unagusa chesi. Balbu imeuzuia mkondo ambao ungeiunguza transfoma yako.

Ikififia, iondoe na uanze kupima. Kwa kuwa hakuna valvu ya kula mkondo, sehemu zote tatu za volti ya juu zitasoma karibu sawa, 210 au zaidi kidogo. Hii ndiyo sababu kapasita ziwe za volti 350, si za 250: umeme wa nyumbani ukipanda, na transfoma ikiwa haina mzigo, ile 250 haina nafasi ya kupumua.

Sasa nenda kwenye pini. Katika soketi ya 12AU7, pini ya 1 na ya 6 ni anodi: zisome 210. Pini ya 2 na ya 7 ni gridi, ya 3 na ya 8 ni kathodi: zote zisome sifuri. Katika soketi ya 6080, pini ya 2 na ya 5 ni anodi, ya 1 na ya 4 ni gridi, ya 3 na ya 6 ni kathodi. Anodi zisome 210, na gridi pia zisome 210, kwa sababu zimeungwa na anodi za mwenzake. Kathodi zisome sifuri.

Kosa linalotokea zaidi katika ujenzi wa valvu ni la kugeuza, kama taswira ya kiooni: mjenzi anahesabu pini kana kwamba anaitazama soketi kutoka juu, ilhali analehemu akiitazama kutoka chini. Ukiwa chini, hesabu inakwenda mwelekeo wa saa, ikianzia kwenye pengo la soketi ya pini tisa au kwenye ufunguo wa soketi ya pini nane. Aliyegeuza atakuta volti 210 kwenye pini ya 9 na ya 4, ambazo ni za hita. Valvu bado haijachomekwa, hakuna kilichoungua, na kosa limeshakiri.

Hesabu kabla ya muziki

Soketi zikikubali, chomeka valvu, washa, na ushikilie mita kwenye ile sehemu ya 170. Mwanzoni itaruka hadi 210, kwa sababu dayodi za siku hizi hazisubiri kupata moto. Baada ya nusu dakika hivi, valvu zinaanza kupitisha mkondo na mita inateremka taratibu. Mteremko huo ni habari njema. Mita isiposhuka, hakuna valvu inayofanya kazi.

Hapa kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Weka mita kwenye ncha mbili za rezista yoyote kati ya zile za omu 270. Ikisoma volti 20, gawanya 20 kwa 270: unapata miliampea 74. Sasa jumlisha matumizi. Kila nusu ya 6080 inapitisha volti 100 juu ya omu 3,000, yaani miliampea 33. Kila nusu ya 12AU7 inapoteza volti 90 juu ya omu 22,000, yaani miliampea 4. Jumla yake kwa pande zote mbili ni 74. Mapato na matumizi yamelingana, na unajua kwamba hakuna mkondo unaovuja mahali usipojua. Ukipata volti 10 badala ya 20, upande mmoja mzima umelala. Ukipata 40, kuna mlafi, na kabla ya kitu kingine zima.

Tarakimu hizi zitayumba kidogo kulingana na umeme unaoingia. Transfoma iliyosukwa kwa volti 220, ikichomekwa Nairobi ambako kiwango ni 240, inaongeza kila kitu kwa asilimia 9. Hita ya volti 6.3 itapata karibu 6.9, na mpaka wake wa juu unaokubalika, asilimia 10, ni 6.93. Kwa hiyo kabla ya kulaumu saketi, pima ukuta. Na anayeletewa transfoma ya Marekani ajue kwamba ilisukwa kwa hezi 60. Kwenye hezi 50 zetu chuma chake kinalemewa na kupata moto zaidi, hata kama volti zimerekebishwa.

Ukimya

Tuseme sasa upande wa kushoto unaimba na wa kulia umenyamaza. Watu husikitika, mimi nafurahi. Amplifaya ya stereo ina nakala mbili za saketi moja, na nakala nzima ni mwalimu wa nakala mbovu. Hitilafu inapokuwa pande zote mbili, shuku kinachotumiwa kwa pamoja: volti ya juu, hita, ethi. Inapokuwa upande mmoja, achana na vya pamoja.

Swali la kwanza ni rahisi: badilishana nyaya za kuingiza sauti, wa kushoto uende kulia. Ukimya ukihama, hitilafu iko nje ya amplifaya, kwenye simu au kwenye waya. Ukibaki palepale, iko ndani. Kwa tendo moja umeondoa nusu ya washukiwa. Kila swali zuri katika kazi hii lina sifa hiyo: linakata saketi vipande viwili na kukuambia uende upande gani.

Ukiwa ndani, soma anodi ya 12AU7 upande wa kulia. Ikisoma 80, nusu ile inapitisha mkondo, endelea mbele kwenye 6080. Ikisoma 170 kamili, hakuna mkondo: volti haikupotea hata moja juu ya rezista ya omu 22,000. Sababu zinazowezekana ni chache. LED imewekwa kinyume. Lehemu ya kathodi haikushika. Au hita ya nusu ile ni baridi. Ikisoma chini sana kuliko 80, hali ni kinyume: labda LED ina shoti, au rezista si yenyewe. Nyekundu-nyekundu-chungwa ni omu 22,000. Nyekundu-nyekundu-njano ni 220,000. Chini ya taa ya usiku rangi hizo mbili hufanana, na ndiyo maana rezista hupimwa kwa mita kabla ya kulehemiwa, si baada.

Kuhusu hita, 12AU7 ina siri inayowapoteza wengi. Hita yake ni mbili zilizofuatana: moja kati ya pini ya 4 na ya 9, nyingine kati ya ya 5 na ya 9. Kwa volti 6.3, pini ya 4 na ya 5 huungwa pamoja upande mmoja, na ya 9 upande wa pili. Mjenzi akisahau waya wa pini ya 5, nusu moja tu ya valvu inapata moto. Ukitazama kutoka mbali utaona valvu inawaka, utaapa kuwa ni nzima, na hapo sikio moja halisikii kitu. Akiunga volti 6.3 kati ya 4 na 5 na kuiacha 9, kila nusu inapata volti 3 na kidogo. Valvu inang'aa kwa unyonge na sauti inatoka dhaifu pande zote. Na mtu akiichomeka valvu ya 6DJ8 kwenye soketi hiyohiyo kwa kuwa pini zinaingia, haitawaka kabisa, kwa sababu hita yake iko kati ya 4 na 5, na pini hizo mbili wewe umeziunganisha. Valvu nzima, soketi nzima, giza totoro.

Ikiwa volti zote za DC ni sahihi na bado kimya, ndipo tunafuata sauti yenyewe. Ingiza mlio mmoja wa hezi 400 kutoka kwenye simu, maana mita nyingi za bei nafuu hazisomi vizuri AC ya juu zaidi ya hapo. Weka kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1, ya volti 400, mbele ya ncha ya mita ili DC isiidanganye. Gridi ikiwa na volti 0.1, anodi itakuwa na zaidi ya volti 1. Pale mlio unapopotea, hapo ndipo penye waya usioshika.

Mngurumo

Mngurumo ndio malalamiko ya kila siku ya wajenzi wa valvu, na ndio unaotibiwa kwa kubahatisha kuliko yote. Watu huongeza kapasita. Kabla ya kuongeza chochote, sikiliza sauti ni ya namna gani.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukipita kwenye dayodi za mawimbi kamili, mabaki yake ni ya hezi 100, oktavu moja juu. Mngurumo mzito, wa chini, mlaini, ni wa hezi 50: unatoka kwenye nyaya za hita, kwenye sumaku ya transfoma, au kwenye waya wa sauti. Mngurumo wenye ukali, unaokaribia kuwa mzizimo, ni wa hezi 100: unatoka kwenye kichujio cha volti ya juu au kwenye ethi iliyopangwa vibaya. Kuongeza kapasita kunasaidia wa pili tu.

Halafu tumia kitasa cha sauti. Kiteremshe hadi sifuri. Mngurumo ukibaki vilevile, chanzo kiko baada ya kitasa. Ukipungua, kiko kabla yake. Ukiwa mkubwa zaidi kitasa kikiwa katikati kuliko kikiwa mwisho, gridi inanasa mngurumo wa hewani, kwa sababu katikati ndipo kitasa kina ukinzani mkubwa zaidi kikitazamwa kutoka kwenye gridi: cha omu 100,000 kinafika 25,000. Dawa yake ni waya wenye ngao na njia fupi. Na kama chanzo chako ni kompyuta ndogo, chomoa chaja kabla hujafungua chesi. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Kwa mngurumo wa hita, nyaya zake zisokotwe pamoja, zipite pembeni chini ya chesi, mbali na gridi. Pia zisielee: rezista mbili za omu 100, kila moja kutoka upande mmoja wa hita kwenda ethi, zinatosha kuituliza.

Kwa kichujio, hesabu inatusaidia tena. Kapasita ya kwanza, kwa mkondo wetu, inabaki na mawimbi ya kama volti 3. Kila hatua ya rezista ya omu 270 na mikrofaradi 220 inayapunguza kwa zaidi ya mara 30. Hatua mbili zinayapunguza kwa zaidi ya mara elfu moja, yakabaki milivolti 2 au 3. Ukipima AC kwenye ile sehemu ya 170 ukakuta makumi ya milivolti, kapasita moja haijaungwa, hata kama unaiona imesimama mahali pake.

Ethi inahitaji neno lake. Mkondo unaoijaza kapasita ya kwanza hauingii kwa utulivu, unaingia kwa mapigo mafupi makali. Waya wa ethi nao una ukinzani, japo mdogo. Ukiruhusu mapigo hayo yapite kwenye waya uleule ambao ni ethi ya kuingilia sauti, gridi itayaona kama muziki na kuyakuza zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo transfoma, dayodi na kapasita ya kwanza vimalizane vyenyewe, na waya mmoja tu utoke hapo kwenda kwenye ethi ya saketi. Mchoro wa karatasini hauonyeshi jambo hili. Ethi zote zina alama moja. Ni mkono unaolipanga.

Mikwaruzo, miluzi na sauti iliyopinda

Kwa mikwaruzo inayokuja na kuondoka, silaha ni kijiti kikavu cha mbao. Gonga polepole kila kiungo huku unasikiliza. Kiungo kinachojibu kilehemiwe upya. Ukigonga kioo cha valvu ukasikia mlio wa kengele, sehemu za ndani zinatikisika; kidogo ni kawaida, kikizidi valvu hiyo ihamishiwe kazi nyingine.

Mluzi, au tarakimu zinazobadilika ghafla ukigusa kwa ncha ya mita, ni dalili kwamba saketi inajitetemesha yenyewe, pengine kwa masafa ambayo sikio halisikii. Rezista ya omu 1,000 iliyolehemiwa karibu kabisa na pini ya gridi huimaliza.

Sauti isiyo na besi katika hedifoni ya omu 300 inakupeleka kwenye kapasita ya kutolea. Ya mikrofaradi 100 inapitisha mpaka chini ya hezi 4. Ukiweka ya 1 kwa kusoma vibaya, inaanza kukata tangu hezi 350. Lakini sauti hafifu na yenye kupinda katika hedifoni ya omu 32 si hitilafu. Saketi hii ina ukinzani wa ndani, tuseme omu 150. Hedifoni ya omu 300 inapata theluthi mbili ya volti. Ya omu 32 haipati hata moja ya tano, na inadai mkondo ambao 6080 yetu haina. Hapo tunachohitaji kurekebisha ni matarajio.

Zamu ya kipuri, kisha mchoro

Mkono ukishaondolewa hatiani, ndipo tushuku kipuri, na valvu yenyewe ina alama zake. Doa la rangi ya fedha ndani ya kioo ni bariamu inayonyonya mabaki ya hewa. Likigeuka jeupe kama unga, hewa imeingia na valvu imekwisha. Mwanga wa buluu juu ya kioo hauna neno; wa zambarau katikati ya vipande unaonyesha gesi. Anodi ikianza kuwa nyekundu, zima papo hapo. Lakini jihadhari: mara nyingi kosa hilo si la valvu, ni la gridi iliyokosa volti yake.

Mchoro ndio wa mwisho. Ikiwa umejengwa na wengi kabla yako ukafanya kazi, unastahili heshima yako. Ikiwa umeubuni mwenyewe, basi mchoro nao ni kazi ya mkono wako, na unarudi kwenye foleni ya mbele.

Mabibi na mabwana, katika haya yote kuna masharti matatu tu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika tarakimu unayoitarajia kabla ya kuweka mita, ili usije ukaishawishi akili ikubaliane na chochote utakachokiona. Na usibadilishe kipuri mpaka uwe umeeleza kwa maneno kwa nini kipuri hicho, na si jirani yake, ndicho kinachozaa dalili hiyo.

Najua fundi wa mtaani atasema hana muda wa daftari. Mteja amesimama mlangoni. Namwelewa. Lakini rezista utaipata Kariakoo au Luthuli Avenue kesho asubuhi. Valvu ya 6080 si hivyo. Kila kipuri kilichobadilishwa kwa kubahatisha ni fedha iliyotoka bila kujibu swali, na kikitibu kwa bahati, hitilafu imeondoka bila kukufundisha kitu na itarudi kwa jina jingine. Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa ufundi waliopo hapa ni moja. Msimpe mwanafunzi alama kwa sababu kifaa chake kimeimba. Mpeni alama kwa jedwali la volti alilolijaza kabla ya kuwasha, na kwa maelezo yake ya kila pale jedwali na mita zilipokosa kukubaliana.